Maji yaliyopanda bila mota
Chukua mrija wa kioo wenye umbo la U, weka unga wa jiwe la kwatzi chini, mimina maji, unganisha betri. Ndivyo alivyofanya Ferdinand Reuss huko Moscow mwaka 1807, na maji yakapanda upande wa hasi. Hakuna mota wala vali! Kwa nini? Jibu la maana lilikuja na Helmholtz, 1879, miaka 72 baadaye: kwatzi iliyolowa ina chaji hasi, kwa hiyo maji yanayoigusa hubeba chaji chanya. Umeme ukiyavuta, yanakokota na mengine. Ukitaka kujaribu pampu ndogo ya aina hii, chunga viputo: umeme uleule hupasua maji yakawa gesi, gesi inaziba njia, pampu kwisha.