Kamati za Mfano wa Umoja wa Mataifa

Kamati za Mfano wa Umoja wa Mataifa ni vikao ambamo wanafunzi wanaohudhuria mkutano wa kuigiza Umoja wa Mataifa hupangwa ili kujadili ajenda maalumu, wakiwa wawakilishi wa nchi, majaji, mawaziri au wanahabari. Kila mkutano huwa na kamati kadhaa zinazokaa kwa wakati mmoja, na kwa kawaida mwanafunzi hubaki katika kamati moja kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Uchaguzi hufanyika mapema, mara nyingi wakati wa kujiandikisha, nao huamua mwanafunzi atasoma nini, atapata nafasi ya kusema mara ngapi, na kama nchi yake itakuwa na uzito wowote chumbani.

Asili

Maigizo haya yalianza Marekani katika miaka ya 1920, wanafunzi wa vyuo vikuu walipoiga vikao vya Shirikisho la Mataifa. Baada ya Umoja wa Mataifa kuundwa mwaka 1945, mikutano ilifuata muundo wa chombo hicho kipya. Mkutano wa Den Haag, Uholanzi, ulioanza mwaka 1968, ni kati ya mikubwa ya shule za sekondari. Katika Afrika ya Mashariki unaojulikana zaidi ni ule wa Nairobi, unaofanyika katika ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri.

Kamati za Baraza Kuu

Baraza Kuu lina nchi wanachama 193 na kamati kuu sita. Zinazoigizwa zaidi ni ya Kwanza (upunguzaji wa silaha na usalama wa kimataifa), ya Tatu (masuala ya jamii, utu na utamaduni) na ya Nne (siasa maalumu na kuondoa ukoloni). Ya Tano, inayoshughulikia bajeti, huachwa karibu kila mahali. Ni vigumu kuwafanya vijana wagombanie michango ya nchi wanachama kwa siku tatu.

Kwa kuwa ni kubwa, kamati hizi ndizo wanazopewa wanaoanza, na walimu wengi huziona kuwa salama: asiyejiandaa vizuri haonekani sana. Lakini ukubwa una gharama yake. Katika kamati ya wajumbe 120, kila mmoja akizungumza kwa dakika moja tu, duru moja huchukua saa 2 nzima. Mjumbe anaweza kumaliza asubuhi yote akiwa amesimama mara moja. Ndiyo maana kazi halisi ya kamati kubwa haifanyiki kwenye kipaza sauti, bali wakati wa mashauriano huru, wajumbe wanapoinuka vitini na kukusanyika kuandika rasimu za maazimio. Mwanafunzi mpole lakini mwandishi mzuri anaweza kufaulu hapo kuliko msemaji hodari asiyeshika kalamu.

Kosa la kawaida katika kamati hizi ni kusahau mamlaka yake. Maazimio ya Baraza Kuu kwa nchi wanachama ni mapendekezo. Kamati ya Kwanza inaweza kuhimiza, kusikitika au kuomba, lakini rasimu inayoamuru kutumwa kwa majeshi au kuiwekea nchi vikwazo vya lazima imevuka mpaka wake, na mwenyekiti makini huirudisha.

Baraza la Usalama

Baraza la Usalama lina wanachama 15: watano wa kudumu (China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi) na kumi wanaochaguliwa kwa miaka miwili. Azimio hupita likipata kura 9, mradi hakuna mwanachama wa kudumu aliyelipinga, isipokuwa kwa mambo ya utaratibu, ambako kura ya turufu haitumiki. Maamuzi yake huzifunga nchi zote wanachama.

Hapa hesabu ya muda hugeuka. Kwa hotuba za dakika moja na nusu, duru nzima haifiki nusu saa, hivyo kila mjumbe husikika mara nyingi kwa siku na ujinga wake pia husikika. Mikutano mingi huweka nafasi hizi kwa wenye uzoefu, hasa viti vitano vya kudumu.

Wanafunzi huvitamani sana viti hivyo kwa sababu ya turufu, na mara nyingi huitumia vibaya, kana kwamba kukataa ndiyo kazi ya mjumbe. Katika historia, turufu imefanya kazi zaidi ikiwa tishio linalolazimisha maneno ya rasimu yabadilishwe kabla ya kura. Inapopigwa waziwazi, humzuia yeyote anayelengwa: mwaka 1981 Marekani ilimzuia Salim Ahmed Salim wa Tanzania asiwe Katibu Mkuu, huku China ikimzuia Kurt Waldheim wa Austria, hata wote wawili wakajiondoa na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Viti vya kuchaguliwa visidharauliwe. Bila kura nne kutoka kwao, watano wa kudumu hata wakiungana hawafikishi tisa.

Kamati za kihistoria na za mgogoro

Kamati ya kihistoria hurudi kwenye tarehe fulani, na wajumbe hukatazwa kutumia habari za baadaye. Mfano mzuri ni Baraza la Usalama la Julai 1960, wakati wa mgogoro wa Kongo. Mwanafunzi atakayejiandaa kwa kanuni za leo atapotea: wakati ule Baraza lilikuwa na wanachama 11, azimio lilihitaji kura 7, kiti cha China kilishikwa na serikali iliyoko Taiwan, na Tunisia ilikuwa nchi pekee ya Afrika mezani. Azimio namba 143 la tarehe 14 Julai, lililoitaka Ubelgiji iondoe majeshi yake na kumruhusu Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld aisaidie serikali ya Kongo kijeshi, lilipita kwa kura 8 bila ya kupingwa. China, Ufaransa na Uingereza zilijizuia. Mjumbe anajifunza hapo jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka: mwanachama wa kudumu anayejizuia hajatumia turufu.

Kamati ya mgogoro huenda mbali zaidi. Wajumbe ni watu, si nchi: mawaziri wa serikali moja, majenerali, washauri wa rais. Badala ya azimio refu huandika maagizo mafupi, na kila mmoja hutuma barua za siri kwa waandaaji walioko chumba cha nyuma, ambao hujibu kwa habari mpya: mji umetekwa, waziri amekimbia, benki imefungwa. Mkutano unaweza pia kuunganisha vyumba viwili vya pande zinazopigana. Kamati hizi hupendwa kuliko zote na wenye uzoefu, kwa sababu jambo hutokea mara tu mtu anapoandika. Udhaifu wake ni kwamba ubora wote unategemea waandaaji. Chumba cha nyuma chenye watu wachache au wavivu huacha barua zikirundikana bila majibu, na siku ya pili wajumbe huanza kuuana kwa sumu, ambayo ni dalili ya uhakika kwamba hawana kazi nyingine.

Mahakama

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ina majaji 15 na makao yake ni Den Haag. Katika maigizo, wanafunzi wachache huwa mawakili wa nchi mbili na wengine huwa majaji. Mashauri hufunguliwa na nchi pekee. Mwanafunzi anayetaka kumshtaki rais binafsi amekosea mlango. Kwa shule za Afrika ya Mashariki shauri la Somalia dhidi ya Kenya kuhusu mpaka wa baharini, lililofunguliwa mwaka 2014 na kuhukumiwa tarehe 12 Oktoba 2021, hufaa sana kwa kuwa lina ramani, barua na hoja zenye nguvu pande zote. Anayependa kusoma kwa kina kuliko kutafuta kura atafurahi hapa. Asiyependa atachoka kabla ya chakula cha mchana.

Vyombo vya kikanda

Baadhi ya mikutano huigiza Umoja wa Afrika. Baraza lake la Amani na Usalama nalo lina wanachama 15, na wanafunzi huingia wakidhani ni nakala ya lile la New York. Sivyo: hakuna kiti cha kudumu wala turufu, na maamuzi hutafutwa kwa maafikiano kwanza, yakishindikana, mambo ya msingi huhitaji theluthi mbili. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huamua kwa maafikiano tu, kwa hiyo katika maigizo ya kikao chao nchi ndogo kama Burundi ina uwezo wa kuzuia sawa na Kenya au Tanzania.

Nchi, kanuni na nafasi

Mara nyingi kamati na nchi haviwezi kuchaguliwa kila kimoja peke yake. Baraza la Haki za Binadamu lina viti 47, na Baraza la Uchumi na Jamii 54. Shule iliyopewa nchi isiyo na kiti humo haina mjumbe wa kupeleka. Nchi ndogo katika kamati inayogusa uhai wake, kama Shelisheli kwenye mjadala wa kina cha bahari, humpa mwanafunzi mengi ya kusema kuliko nchi kubwa katika ajenda isiyoihusu.

Kanuni za mjadala nazo hutofautiana. Katika utaratibu wa Den Haag wajumbe huja na rasimu kutoka nyumbani, huziunganisha, kisha hujadili marekebisho kifungu kwa kifungu. Katika mikutano mingi ya Marekani kuleta rasimu iliyokwisha kuandikwa ni kosa linaloweza kumnyima mjumbe tuzo. Mwanafunzi anayehama kutoka utaratibu mmoja kwenda mwingine hufanya vizuri kusoma kanuni hizo kabla ya kutaja kamati anayoitaka.

Fomu nyingi za kujiandikisha huomba chaguo tatu kwa mpangilio. Kamati za mgogoro na Baraza la Usalama hujaa kwanza. Anayeziandika zote tatu bila uzoefu wowote mara nyingi hupangiwa mahali palipobaki, ambapo huenda hakuwahi kupasoma kabisa.