Sahihi Bila Sanadi: Somo la Picha ya Obama Pale Wajir

Kiswahili kimetuchezea kidogo. Neno "sahihi" lina maana mbili. Ni jina lako uliloandika kwa mkono wako kwenye fomu ya basari, na pia ni kitu cha kweli kisicho na kasoro. Yaani lugha yenyewe inakuambia ukishaona sahihi, basi mambo yako sahihi. Wasee, hiyo imani imekula watu pesa ndefu.

Pitia tu status za WhatsApp hapa Garissa. Hukosi mtu anauza jezi ya Messi "imesainiwa na yeye mwenyewe", na pembeni kuna cheti chenye stika inayong'aa. Muulize Messi alisaini wapi, lini, mbele ya nani, na hiyo jezi ilivukaje bahari hadi ikafika kwa mto Tana. Atakujibu, "Bro, kwani huoni cheti?" Cheti nakiona. Ninachouliza ni stori.

Msimamo wangu ni huu: kitu cha staa hakipati thamani kwa sababu ya wino. Kinapata thamani kwa sababu ya mlolongo wa watu wanaoweza kusimama na kusema, "Nilikuwepo, nilikiona, nikampa fulani." Na ushahidi wangu mkubwa hautoki kwa mnada wa London. Unatoka Wajir, saa chache tu kutoka hapa.

Lakini kwanza tumalizane na wino.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, FBI ya Marekani ilivamia genge lililokuwa likitengeneza saini feki za mastaa. Operesheni hiyo iliitwa Bullpen. Jamaa walikuwa wanasaini mipira ya besiboli, picha, vitabu, kila kitu, halafu wanaambatanisha vyeti vya kuthibitisha. Kati ya vitu vilivyopatikana kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mother Teresa. Hebu fikiria. Mtawa wa Calcutta, na mpira wa besiboli! Na kuna mtu mahali alikuwa tayari kununua, kwa sababu cheti kilikuwepo.

Wataalamu wana mbinu zao, na ni nzuri kuzijua. Anayeghushi huandika polepole kwa sababu anachora, haandiki. Kwa hivyo mstari wake unatetemeka, na mwanzo na mwisho wa herufi ni butu. Wanaangalia pia vifaa. Kalamu ya Sharpie ilianza kuuzwa 1964, na Marilyn Monroe alifariki 1962. Ukiuziwa picha yake yenye saini ya Sharpie, hiyo saini imetoka kaburini. Tena hakuna binadamu anayesaini mara mbili sawasawa kabisa. Saini mbili zikilingana mstari kwa mstari, moja imenakiliwa ama zote zimeandikwa na mashine.

Na mashine ipo. Inaitwa autopen, inashika kalamu halisi na kuandika jina lako kwa wino halisi. Mei 2011, Barack Obama akiwa Ufaransa, sheria ya Patriot Act ilikuwa karibu kuisha muda huko Washington. Akaamuru isainiwe kwa autopen. Sheria ikapita. Sasa niambie: hiyo ni saini ya Obama ama si yake? Wino ni halali, jina ni lake, amri ni yake, lakini mkono haukuwepo. Tunajua hivyo kwa sababu stori yake ilirekodiwa, si kwa kuangalia karatasi.

Tukimtaja Obama, twende Wajir.

Agosti 2006 Obama alikuwa seneta wa Illinois, bado hajatangaza kwamba anataka urais. Alizuru Kenya, na kati ya sehemu alizofika ni Wajir. Kumbuka huku si kwa kina baba yake. Baba yake alikuwa Mluo kutoka Nyanza. Wajir alikuja kama mgeni, na mgeni akija huku unajua kinachotokea: anakaribishwa, anapewa chakula, na akiwa mkubwa anavishwa. Akapigwa picha akiwa na kilemba cheupe na shuka nyeupe, mavazi ya mzee wa Kisomali, mzee wa pale akiwa kando yake aliyemvisha. Picha tamu tu ya ugeni. Wanasiasa wote hufanya hivyo. Bill Clinton alivishwa kente Ghana mwaka 1998. George W. Bush alivaa ao dai ya hariri kule Vietnam, Novemba 2006, miezi michache tu baada ya Obama kuvishwa Wajir.

Halafu ikaja Februari 2008. Obama na Hillary Clinton walikuwa wanapigania tikiti ya chama cha Democratic. Tarehe 25, tovuti ya Drudge Report ikaweka ile picha na kusema wafanyakazi wa kampeni ya Clinton wanaisambaza. Kambi ya Clinton ikasema haikuidhinisha kitu kama hicho. Kambi ya Obama ikakasirika, ikasema hiyo ni kutia watu hofu. Wakati huohuo barua pepe zilikuwa zinazunguka Marekani zikidai Obama ni Mwislamu wa siri, na picha ya Wajir ikageuka kuwa "ushahidi".

Hapa nataka usikie vizuri. Picha haikuwa feki. Hakuna aliyeiedit. Mpe mtaalamu yeyote aipime, atakuambia ni halisi asilimia mia. Kilichokuwa feki ni maelezo yaliyobandikwa chini yake. Karamu ya wageni iligeuzwa kuwa siri ya mtu. Na shuka ambayo babu zetu wanavaa kwenda msikitini Ijumaa ikawa kashfa kwenye televisheni za dunia nzima. Watu wakabishana siku kadhaa kuhusu nani ameisambaza, na sauti ya mwenye shuka haikusikika sana. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Kitu halisi, stori ya uongo. Sasa geuza upande wa pili uone kitu cha uongo kilichoangushwa na stori ya kweli.

Mwaka 2009, Obama akiwa tayari ni rais, kulikuwa na watu walioshikilia kwamba alizaliwa Kenya. Alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961, lakini hawakutaka kusikia. Kuna aliyejaribu hata kuuza kwenye eBay kitu alichodai ni cheti chake cha kuzaliwa cha Kenya. Unaona biashara ilivyo? Mahali penye jina kubwa hapakosi muuzaji. Agosti mwaka huo wakili mmoja akapeleka mahakamani California picha ya cheti kingine. Kilionekana cha zamani, kina saini, kina tarehe: 17 Februari 1964. Juu yake kimeandikwa Jamhuri ya Kenya, kwa Kiingereza.

Mwanafunzi wa darasa la nane angekikamata. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963, lakini Malkia Elizabeth alibaki kuwa mkuu wa nchi kwa mwaka mzima. Tulikuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Ndiyo maana siku hiyo inaitwa Jamhuri Dei. Februari 1964 hakukuwa na Jamhuri ya Kenya ya kutoa cheti kwa mtu yeyote. Aliyekitengeneza alijua karatasi ya zamani inakaa vipi. Historia yetu hakuijua. Hakikuhitaji maabara, kilihitaji mtu anayejua stori.

Sasa hapa ndipo naona sisi watu wa kaskazini mashariki tuna kitu ambacho wakusanyaji wa vitu vya mastaa wanakilipia pesa nyingi. Wao wanatafuta ushahidi wa kitu kimepita mikono gani. Sisi tumefundishwa hiyo tukiwa watoto, kule dugsi. Inaitwa sanadi.

Aliyesoma hadithi za Mtume anajua. Hadithi haiji peke yake. Inakuja na majina: fulani amesikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani. Wanavyuoni hawakuuliza tu maneno yanasema nini. Waliuliza hawa wawili waliwahi kukutana? Waliishi mji mmoja? Huyu kumbukumbu yake ilikuwa nzuri? Pete moja ikikosekana, mnyororo mzima unashuka daraja. Kitabu cha Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, kinaitwa Sahihi kwa sababu hiyo. Unaona? Lile neno letu la saini lina undugu na kitabu kilichojengwa juu ya mashahidi, hakikujengwa juu ya wino.

Na si dini pekee. Lugha ya Kisomali ilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972. Kabla ya hapo mashairi yalitembea kwa vichwa vya watu, nyuma ya ngamia, kutoka kisima hadi kisima. Lakini hayakutembea bila mwenyewe. Anayekariri shairi la mtu alitakiwa kumtaja aliyelitunga kabla ya kuanza, na kulihifadhi neno kwa neno. Kujipachika shairi la mwenzako ilikuwa aibu. Mashairi ya Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, aliyefariki 1920, yalifika kwa wajukuu kwa njia hiyo. Leo mtu anachukua video yako TikTok, anakata jina lako, anaweka lake. Waryaa, wachungaji walikuwa na haki miliki kutuzidi.

Najua kuna mtu atasema, "Wewe unapenda uthibitisho, na sisi ndio tumeteswa na uthibitisho." Kweli kabisa, na hilo lazima lisemwe. Mwishoni mwa 1989 serikali ilianza kuwachuja Wakenya wa jamii ya Wasomali. Watu wazima walipangwa foleni wathibitishe kwamba ni raia, na waliopita walipewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Miaka mingi baadaye kijana wa huku akitaka kitambulisho alikuwa anapelekwa mbele ya kamati, anaulizwa babu yake ni nani, wakati mwenzake wa Nyeri anachukua chake bila maswali hayo. Februari 2025, Rais Ruto akizuru huku, alitia sahihi tangazo la kuondoa uchujaji huo. Sahihi nyingine hiyo ya kuweka kwenye kumbukumbu.

Lakini tofauti iko hapa. Jezi haina haki, binadamu anayo. Jezi inapaswa kushukiwa mpaka ijieleze. Raia hapaswi. Walichokosea ni kumpima mtu kama bidhaa. Na sisi tulioulizwa maisha yetu yote "thibitisha", tunajua vizuri kuliko yeyote kwamba anayeandika maelezo ndiye anayeamua kitu ni nini. Tusiache kazi hiyo kwa wengine.

Jiulize: lile vazi la Wajir likitokea kesho kwa mnada, utalithibitisha vipi? Shuka nyeupe zimejaa soko. Mtaalamu atajaribu kulilinganisha na picha, mshono kwa mshono, doa kwa doa, kama wanavyofanya na jezi zilizochezewa mechi. Inaweza kusaidia. Lakini ushahidi mzito ungekuwa mzee aliyekuwepo, ametaja jina lake na tarehe, na sauti yake imerekodiwa akiwa hai. Wazee hawangoji mnada.

Kwa hivyo kama una kitu, fanya mambo matatu. Moja, andika nani, wapi, lini, na ulikipata kwa nani. Kama ni picha ya karatasi, andika nyuma kwa penseli laini, usikandamize. Mbili, weka picha yako ukiwa na kitu hicho siku ulipokipata, pamoja na risiti ama tiketi kama ipo. Tatu, mrekodi aliyekupa. Dakika mbili za simu zinatosha.

Na usingoje Messi. Labda kwenu kuna CD ya Waayaha Cusub, kundi lililoanza Eastleigh mwaka 2004, iliyonunuliwa wakati bado zinauzwa mkononi. Labda ayeeyo ana kaseti ya mwimbaji aliyesikika Mogadishu kabla ya vita, na ni yeye tu nyumbani anayejua jina lake. Labda mjomba ana picha na mwanasoka aliyepita hapa. Leo ni vitu vya kabatini. Vikikosa majina, kesho ni takataka, ama mbaya zaidi, vitapata maelezo ya mtu mwingine, kama ilivyotokea kwa shuka yetu.

Na kwa yule wa jezi ya Messi: bado nangoja stori. Cheti baki nacho.