Twiga Aliyeitwa Kilini

Ugomvi ulianza kwa mchoro. Sisi ni watano, na kila Jumamosi jioni tunakutana barazani hapa Mambrui, Magarini, kucheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kusimuliana hadithi ambapo kila mtu ana mhusika wake na dadu ndiyo huamua nani apone, nani afe. Mimi ndiye msimulizi. Na kwa kuwa chuo nilikiacha mwaka wa pili na muda ninao, hata viumbe nachora mimi. Wiki hiyo nilimchora ki-rin.

Ki-rin yumo katika Monster Manual ya mwaka 1977, kitabu cha viumbe cha mchezo huo: mnyama mwema akaaye angani, mwenye pembe moja na mwili wa rangi ya dhahabu. Mimi nikampa shingo ndefu na mabaka. Rafiki yangu akaitazama karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, huyu si ki-rin. Huyu twiga, bana."

"Ni huyo huyo," nikamwambia.

Wakacheka. Mwingine akasema nimekuwa kama wale wa kampuni, kila toleo jipya sura mpya. Kweli, mabishano hayo yako duniani kote. Toleo la 2024 lilipowachora maorki kama watu wa kawaida tu, si majitu ya kuuawa, wachezaji waligawanyika. Wapo walioshikilia kwamba kiumbe ana umbo lake la asili, usimguse.

Hilo neno asili ndilo lililonikera, kwa sababu ya jambo lililotokea pwani hii yetu miaka mia sita iliyopita.

Mwaka 1414 mtawala wa Bengali alimpelekea Yongle, mfalme wa Uchina, zawadi ya twiga. Bengali hakuna twiga. Yule alivushwa bahari kutoka Afrika. Mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi wakafika Uchina na twiga wao. Watu wa ikulu wakasema huyu ni kilini.

Kilini ndiye babu wa ki-rin wa mchezo wetu. Katika maandishi ya kale ya Kichina ana mwili wa paa, mkia wa ng'ombe, kwato na pembe moja. Hakanyagi jani bichi, hadhuru chochote chenye uhai, na huonekana tu anapotawala mfalme mwadilifu. Sasa kumbuka, Yongle alikipata kiti mwaka 1402 kwa kumpindua mwana wa kaka yake. Mtu wa namna hiyo anahitaji sana mnyama wa namna hiyo. Basi pembe hazikuhesabiwa.

Shen Du, mwandishi wa ikulu, alitunga sifa zilizoandikwa juu ya mchoro wa yule twiga wa 1414. Nakala zake zipo hadi leo, Taipei na Philadelphia. Shingo ni ya twiga, miguu ni ya twiga, lakini mabaka yamepangwa sawasawa mpaka ukitupia jicho utadhani ni magamba. Yongle mwenyewe alikataa pongezi rasmi za mawaziri, ila twiga wa Malindi alipofika alitoka hadi lango la ikulu kumpokea. Na jina likashika: Wajapani mpaka leo humwita twiga kirin, Wakorea girin.

Kwa hivyo nilipomwekea ki-rin shingo ndefu sikubuni kitu. Nilichelewa tu karne sita.

Wenzangu walikubali shingo ya upande. Nikawakumbusha kaburi la mnara la hapa hapa Mambrui, lililopambwa kwa bakuli za kauri za Kichina. Nikawaambia pia kwamba mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na Uchina walichimba hapa wakapata sarafu ya enzi ya Yongle. Wapo hata wanaodai kwamba Malindi ya zamani ilikuwa hapa. Ikiwa ni hivyo, huenda yule twiga alipita karibu na baraza yetu.

Lakini kuna jambo sikuwaambia. Nilikuwa nimemwonyesha Hawe, bibi yangu, ule mchoro wa Wachina kwenye simu. Yeye alikulia Chakama, twiga amewaona kwa macho yake. Mabaka hakuyajali. Aliangalia kamba.

"Wamemfunga kama ng'ombe," alisema. "Aliyemfunga alikuwa nani?"

Nimesoma nilivyoweza. Jina la mfalme lipo, la mwandishi lipo. Aliyemnasa twiga huko bara, aliyemlisha majani melini miezi yote ile, hayumo popote. Watu wetu walimjua mnyama, wengine wakaamua yeye ni nani.

Ndiyo maana kubadilisha sura ya kiumbe hakunitishi. Viumbe hawa wamechorwa upya tangu zamani. Mimi huuliza aliyeshika kalamu ni nani, na kama aliwahi kumuuliza anayemjua mnyama.

Jumamosi iliyofuata nilileta mchoro mpya. Shingo ndefu, pembe mbili, kamba hakuna. Yule rafiki yangu mbishi akaushika kimya, dadu mkononi.

"Anakula nini huyu?" akauliza.

"Majani ya mgunga."

"Basi simpigi. Namtafutia mgunga."