Kiungio cha Janney

Kiungio cha Janney ni kifaa cha kuunganisha mabehewa ya treni ambacho hujifunga chenyewe mabehewa mawili yanapogusana, na kilibuniwa Marekani na Eli Janney, aliyepewa hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1873. Kabla yake, reli nyingi za nchi hiyo zilitumia pete na pini: mfanyakazi alisimama katikati ya mabehewa, akaielekeza kwa mkono pete nene ya chuma kwenye tundu la behewa lililokuwa likimjia, kisha akatumbukiza pini, na aliyechelewa kuondoa mkono alipoteza vidole, kama hakubanwa akafa. Katika kiungio cha Janney, ambacho hufanana na vidole vya mikono miwili vilivyokunjwa na kushikana, kila upande una taya inayozunguka kwenye bawaba. Taya hizo zikikutana husukumana, zikajifunga na kushikwa na komeo, ambalo hufunguliwa kwa wenzo ulio ubavuni mwa behewa.

Kampuni za reli, zilizohofia gharama kuliko ajali, hazikukipokea upesi. Lorenzo Coffin wa Iowa alipiga kampeni kwa miaka mingi, hata Rais Benjamin Harrison akatia saini, mwaka 1893, sheria iliyolazimisha viungio vya kujifunga pamoja na breki za hewa, ingawa utekelezaji wake kamili ulisubiri hadi 1900. Andrew Jackson Beard, aliyezaliwa mtumwa Alabama, alipata hataza ya kiungio kingine cha kujifunga mwaka 1897.