Mombasa na Bendera ya Kuazima

Mji usio na jeshi kubwa hutumia maneno mahali ambapo dola hutumia mizinga. Mombasa ya Wamazrui ilikuwa mji wa namna hiyo.

Wamazrui walikuwa maliwali wa Oman. Jamaa ya Albusaidi iliposhika utawala wa Oman katika karne ya 18, walikataa kuitii, wakauendesha mji kwa shauri lao wenyewe. Lakini Seyyid Said, aliyetawala tangu 1806, hakuusahau mji ule. Kisiwa cha Pemba kilipowatoka Wamazrui, Mombasa iliona kuwa zamu yake imekaribia. Mwaka 1823 ilipeleka wajumbe Bombay kuomba hifadhi ya Waingereza. Serikali ya Bombay ilikataa, maana Seyyid Said alikuwa rafiki yake.

Wenye mji hawakukata tamaa. Kapteni Owen alipofika na manowari yake, Leven, tarehe 7 Februari 1824, alikuta merikebu za Oman zimeuzingira mji, na juu ya Ngome inapepea bendera ya Kiingereza. Wenyeji walikuwa wameitweka wenyewe, bila ya ruhusa ya mtu. Owen alifanya mapatano nao: yeye ataulinda mji na kuurudishia milki yake ya zamani, wao wataacha biashara ya watumwa, na kutoa nusu ya mapato ya forodha. Kisha akamweka kijana Luteni Reitz kuwa msimamizi. Reitz alifariki mwaka huo huo, na jina lake limebaki katika ghuba ya Port Reitz.

Mapatano yalikuwa na kasoro moja, nayo ilitosha kuyavunja: Owen hakuwa na idhini ya serikali yake. Kwa London, urafiki wa Seyyid Said, aliyekwisha tia sahihi mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa mwaka 1822, ulikuwa na thamani kuliko kisiwa kimoja. Mwaka 1826 bendera ilishushwa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, na wakuu wa Wamazrui wakakamatwa na kuhamishwa.

Wamombasa hawakuwa wajinga wa siasa. Walijua kuomba, kungoja na kuafikiana. Kosa lao ni kwamba walipeana mkono na nahodha, wakadhani wamepeana mkono na dola.