Gari ya Mwaka iliyokula oili: Stori ya Chevrolet Vega

Wadau, leo tuache kidogo nani kaachana na nani. Nawaletea staa mwingine aliyepanda haraka akashuka haraka, ila huyu ana matairi manne.

Turudi Marekani, Septemba 1970. Vigari vidogo kutoka Ujerumani na Japani, Volkswagen, Toyota na Datsun, vinazidi kuchukua wateja. General Motors, jitu la magari kipindi hicho, likajibu kwa kuleta Chevrolet Vega. Bei ya kuanzia dola 2,090. Na ilikuwa kali jamani, kama Camaro iliyofuliwa kwa maji ya moto ikasinyaa. Jarida la Motor Trend likaipa Gari ya Mwaka 1971. Yaani tuzo imetoka kabla wenye gari hawajakaa nayo vya kutosha kujua tabia zake.

Tabia zenyewe zilikuwa kwenye injini. Lita 2.3, bloku la alumini. Kawaida bloku la alumini linawekewa slivu za chuma ndani ya silinda ili pistoni isisugue alumini yenyewe. Hawa jamaa wakaona slivu za nini. Wakachanganya alumini na silikoni kama asilimia 17, halafu wakaondoa alumini kidogo kwenye ukuta wa silinda mpaka chembe ngumu za silikoni zikabaki zimechomoza, pistoni iteleze juu yake. Akili kubwa, sikatai. Bloku likawa jepesi, kama kilo 16 tu. Ila juu yake wakafunga silinda hedi ya chuma. Alumini na chuma zikipata moto hazitanuki sawa, na hilo hata fundi wa chini ya mwembe anakwambia.

Halafu ukaingia ubahili. Rejeta wakaweka ndogo, na gari za mwanzo hazikuwa na kile kichupa cha maji ya akiba. Maji yakipungua kidogo, gari inachemsha. Ikichemsha, silinda zinapoteza umbo, ule ukuta wa silikoni unachubuka, gasketi inaanza kuvuja. Huku sili za valvu nazo zimekakamaa, zinapitisha oili. Ukikanyaga mafuta, moshi wa bluu nyuma kama umechoma mahindi.

Na walioumia si matajiri. Hii ndo ilikuwa gari ya bei ya chini ya Chevrolet, ya mtu anayehesabu hela yake. Injini imenoki na gari bado inaitwa mpya! Mafundi wa mtaani wakapata dawa: chonga silinda, weka slivu za chuma. Zilezile zilizokataliwa kiwandani.

Kiwandani kwenyewe, Lordstown kule Ohio, kulikuwa hakukaliki. Mashine zilipangwa zitoe zaidi ya gari 100 kwa saa, wafanyakazi wakachoka, Machi 1972 wakagoma. Kutu nayo sijaigusa, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kampuni ilirekebisha mambo, na mwaka 1976 ikatoa waranti ya injini ya miaka 5 au maili 60,000. Ilikuwa too late, jina lilishaoza. 1977 Vega ikaisha, baada ya gari karibu milioni 2.

Sasa hapa ndo patamu. Porsche 928 ilikuja na bloku la alumini la aina hiyohiyo, bila slivu, na Mercedes nao wakatumia kwenye V8 zao. Zikatembea vizuri tu. Kwa hiyo mimi nasema alumini ilisingiziwa. Mchawi alikuwa rejeta na vile visili vya bei rahisi.

Vega nyingi zilizobaki siku hizi ni za mashindano ya mbio fupi. Fungua boneti, unakuta V8 ya chuma imejaa humo ndani. Ile ya alumini ilishang'olewa zamani.

Haya, wangapi humu gari zenu zinakula oili na mnasingizia mafuta ya sheli? Semeni ukweli.