Pazia la Chuma na Watu wa Nyuma Yake

Historia ya majumba ya tamthilia za muziki, yaani michezo ya jukwaani ambamo kisa husimuliwa kwa mazungumzo, nyimbo na dansi kwa pamoja, kwa kawaida huandikwa kutoka upande wa watazamaji: nani alitunga, nani aliimba, na onyesho lilidumu kwa muda gani. Ikitazamwa kutoka nyuma ya jukwaa, mhusika wake mkuu si mtunzi wala mwimbaji bali ni moto, kwa kuwa milango, mapazia na taa za upande huo zilipata sura zake kutokana na hofu ya kuungua.

Theatre Royal Drury Lane ya London inadhihirisha jambo hili. Jengo lake la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1663, liliungua mwaka 1672. La pili lilibomolewa mwaka 1791 kwa uchakavu. Na la tatu, lililofunguliwa mwaka 1794 kwa watazamaji zaidi ya 3,000, lilijivunia matangi ya maji darini na pazia la chuma, yaani ukuta unaoshushwa kati ya jukwaa na ukumbi moto unapozuka. Pazia hilo liligongwa kwa nyundo mbele ya umma ili watu wasadiki kuwa ni chuma kweli, lakini majivuno hayo hayakulisaidia jengo, ambalo liliteketea lote tarehe 24 Februari 1809. Jengo la nne, lililofunguliwa mwaka 1812, ndilo lililopo hadi leo, na ndilo lililopokea tamthilia za muziki za Show Boat mwaka 1928, Oklahoma! mwaka 1947, na My Fair Lady, iliyoonyeshwa humo mara 2,281 kati ya mwaka 1958 na 1963.

Upande wa nyuma wa majumba ya namna hii ulifanana na merikebu kuliko nyumba. Mandhari, yaani vitambaa vikubwa vilivyochorwa misitu, mitaa au kasri, vilipandishwa na kushushwa kwa kamba za katani zilizopitishwa kwenye kapi, na inasimuliwa kwamba mabaharia waliokosa safari waliajiriwa kuzivuta, wakipeana ishara kwa miluzi kama walivyozoea baharini. Ndiyo sababu inayotolewa hadi leo ya mwiko wa kupiga mluzi nyuma ya jukwaa, kwani mluzi wa mzembe ungeweza kumwangushia mwenzake mzigo kichwani. Katani, mbao, rangi na vitambaa vikavu vilining'inia juu ya vichwa vya watu, na tangu mwaka 1817, Drury Lane ilipoanza kumulikwa kwa gesi, vilining'inia juu ya miali iliyo wazi. Gesi iliwapa mafundi uwezo mpya, kwa maana mtu mmoja kwenye meza ya vali aliweza kufifiza taa za jukwaa zima. Lakini iliwachosha waimbaji kwa joto na hewa nzito, na iliwatishia wachezaji waliovaa maleba, yaani mavazi ya uigizaji, ya shashi. Huko Paris, mwaka 1862, sketi ya mcheza baleti Emma Livry ilishika moto wa taa ya gesi, naye akafa kwa majeraha mwaka uliofuata. Dawa ya chumvi ya kuzuia vitambaa visiungue ilikuwapo tayari, ila wachezaji wengi waliikataa kwa kuwa ilikakamaza na kufubaza sketi, uamuzi ambao mtu asiyepata riziki yake kwa wepesi wa vazi hana haki ya kuucheka.

Umeme ulipokuja, ulitangazwa kwanza kama kinga. Savoy, jumba lililojengwa London na Richard D'Oyly Carte kwa ajili ya opera za kuchekesha za Gilbert na Sullivan, ambazo ni mama wa tamthilia za muziki za baadaye, lilifunguliwa Oktoba 1881 likiwa na balbu zipatazo 1,200. Jukwaa lenyewe lilipowashiwa umeme mwezi Desemba, D'Oyly Carte alivunja mbele ya watazamaji balbu inayowaka, iliyozungushiwa melimeli, kisha akaonyesha kuwa kitambaa hakikuungua.

Hata hivyo, taa ya umeme ndiyo iliyoanzisha mojawapo ya maafa makubwa zaidi ya majumba haya. Tarehe 30 Desemba 1903, katika jumba jipya la Iroquois mjini Chicago, lililotangazwa kuwa haliwezi kuungua, cheche za taa ya kaboni zilishika pazia jepesi wakati wa onyesho la mchana la Mr. Bluebeard, ambalo wengi wa watazamaji wake walikuwa wanawake na watoto. Pazia la usalama likakwama njiani. Matundu ya paa juu ya jukwaa, ambayo yangetoa moshi, yalikuwa yamefungwa. Na waigizaji walipofungua mlango mkubwa wa nyuma ili kujiokoa, upepo baridi ulioingia uliusukuma moto kuelekea roshani za watazamaji. Waigizaji na mafundi waliponea chupuchupu, isipokuwa wachache. Ukumbini, mbele ya milango iliyofungwa, walikufa watu wasiopungua 600.

Baada ya hapo sheria za miji mingi zilibadilika, na ukaanza kuenea mlango unaofunguka kwa kusukuma nondo iliyolala kifuani pake, ambao sasa umefika hata mashuleni. Katika majumba ya London desturi iliyobaki ni kulishusha pazia la usalama mbele ya watazamaji katika kila onyesho, kwa kawaida wakati wa mapumziko, ili kuthibitisha kuwa linafanya kazi. Watazamaji huliangalia kidogo, kisha huenda kununua aiskrimu, huku nyuma yake mafundi wakibomoa mtaa mzima na kusimamisha mwingine.